Nilichagua tofauti, mwisho ukawa uleule: je, nilitapeliwa?

SWALI: Shikamoo kaka. Niko mwaka wa pili chuoni, Morogoro. Mwezi uliopita nilimaliza The Walking Dead ya Telltale, gemu ya stori ya watu wanaowakimbia mazombi, kwenye laptopu. Nililia, sioni haya kusema. Nikairudia ili nione ingekuwaje kama ningechagua mengine, nikakuta ni yaleyale: niliyemwokoa mwanzoni anakufa baadaye, na Lee, mhusika niliyemwendesha, anakufa vilevile. Najiona nimetapeliwa. Wenzangu wa chumbani wananicheka, wanasema ukitaka stori kaangalie filamu, gemu ni mpira na ngumi. Chaguo la mchezaji lina maana gani kama mwisho umeshaandikwa? Kuna gemu ya stori isiyodanganya? Halafu mara ya kwanza nilimwambia Clementine, mtoto anayelelewa na Lee, aondoke asimpige risasi Lee anayegeuka zombi, mara ya pili nikamwambia apige. Ipi ndiyo ya kweli?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Swali lako nimekaa nalo siku tatu, kwa sababu na mimi jambo hilohilo liliwahi kuniuma, na jibu nililopewa wakati ule, kwamba "ni gemu tu hiyo", halikunisaidia chochote. Nitataja yanayotokea ndani ya gemu kadhaa. Ambaye hajaicheza hiyo yako na anataka kuicheza, akaicheze kwanza, maneno haya yatamsubiri.

Nianze kwa kukupa haki yako. Telltale waliitoa gemu ile mwaka 2012, sehemu moja baada ya nyingine mpaka zikatimia tano, na mchezaji alikaribishwa kwa maandishi yanayomwahidi kwamba stori itafuata jinsi anavyocheza. Kwenye duka la dawa ukamwokoa Carley, Doug akafa. Ungemwokoa Doug, angekufa Carley. Ukaamini umebadilisha kitu. Kisha katika sehemu ya tatu, kando ya barabara, Lilly wa kundi lenu anafyatua risasi na yule uliyemwokoa anaanguka, awe Carley awe Doug. Kile chumba cha nyama cha sehemu ya pili nacho ni hivyohivyo: Larry yuko sakafuni moyo umesimama, na usaidiane na Lilly kumzindua au usaidiane na Kenny kummaliza, mzee yule hatoki mle hai. Mtu aliyeahidiwa kwamba stori itamfuata, akaona haya, ana haki ya kuuliza.

Sababu yake ni hesabu. Maamuzi matano yenye njia mbilimbili, kila njia ikiachwa iende zake, yanazaa miisho 32. Maamuzi kumi yanazaa 1,024. Kila tawi linataka kuandikwa, kusomwa na waigizaji wa sauti, kuchorwa na kupewa mwendo, na mchezaji mmoja atapita tawi moja tu. Hakuna kampuni yenye pesa za kujenga nyumba elfu moja ili mgeni alale katika moja. Ndiyo maana waandishi hufanya kama mto unaokutana na kisiwa: maji yanagawanyika, yanazunguka, yanakutana tena mbele. Aliyepita kushoto hakuona kulia. Ni ukirudi mara ya pili ndipo unapogundua kwamba kile kilikuwa kisiwa.

Hapo tuko pamoja. Tunapoachana ni pale unapouliza thamani ya chaguo ukitazama mwisho peke yake.

Nikurudishe nyuma kidogo, sehemu ya pili, asubuhi ile kundi lina njaa na wewe umepewa vipande vinne vya chakula ugawe. Vinne tu. Unatembea uwanjani mtu kwa mtu, watoto wanakuangalia, Larry ananung'unika, na kila unayempita bila kumpa kitu anajua umempita. Ulimpa nani? Najua unakumbuka. Hukunitajia kwenye barua, lakini ukisoma hapa majina yanakujia. Mimi nilimpa Clementine, nikampa Duck, kisha nikasimama na viwili vilivyobaki kwa muda mrefu kuliko gemu ilivyohitaji, halafu nikampa Larry ambaye simpendi, kwa sababu niliogopa maneno yake. Mpaka leo hicho kipande nakijutia. Kwa mtiririko wa stori, ugawaji ule haubadilishi chochote kikubwa. Kwangu umebaki kuwa mahali nilipojijua: ni mtu ninayewapa wenye kelele ili wanyamaze.

Sasa kumbuka sehemu ya tano, chumba cha hoteli. Yule mwanamume aliyemchukua Clementine amekaa kwenye kiti, na anachotaka kwanza ni mazungumzo. Ni mwenye lile gari lililojaa chakula mlilolikuta porini, chakula ambacho kundi lako lilikipakua. Anamsomea Lee mashtaka yake moja baada ya jingine, na mashtaka hayo ni yale uliyoyafanya wewe. Lee hafungui mdomo mpaka ubonyeze. Hata kama siku ile ya gari ulikataa kuchukua, wenzako walichukua mbele ya macho yako, nalo unaulizwa. Pale ndipo gemu ile ilipolipa deni lake. Filamu ingekuonyesha mtu anahukumiwa. Hapa uliyesimama kizimbani ni wewe, na ndiyo maana ulilia.

Hao wenzako wa chumbani nisingewalaumu sana. Nadhani najua wametoka wapi, maana na mimi nimetoka hukohuko. Nimekulia Mwanza, na gemu nilijifunza kwenye banda: televisheni nne, mabenchi ya mbao, feni moja, na kijana wa kukusanya hela anayetazama saa kuliko anavyotazama skrini. Unalipia mechi au unalipia nusu saa. Pleisteshini 2 zile zilihitaji memori kadi ili kuhifadhi ulipofikia, na pale bandani kadi haikuwapo. Kwa hiyo San Andreas tuliicheza miaka, na kila siku tuliianza mwanzo. Ile video ya kufungulia ilipotokea, benchi zima lilipiga kelele, "Ruka! Ruka!", kwa sababu dakika zinakwenda na anayelipia ni mwenzetu. Tuliiba magari, tukakimbizana na polisi, muda ukaisha.

Nilikuwa mtu mzima, nimenunua kompyuta yangu mwenyewe, ndipo nilipoiacha ile video iende mpaka mwisho. CJ, mhusika unayemwendesha, amerudi nyumbani baada ya miaka mitano kwa sababu mama yake ameuawa. Anashuka uwanja wa ndege, na kabla hajafika nyumbani polisi wanamsimamisha na kumbambikia kesi. Anaingia kwenye nyumba ya mama yake, haina mtu. Nilikaa pale nikiwa nimeshika pedi ya kuchezea bila kubonyeza kitu. Kijana niliyemfahamu tangu utotoni, niliyemwendesha baiskeli ile mara mia, alikuwa amekuja kuzika, na hakuna hata mmoja wetu bandani aliyejua kwamba tuko msibani. Waambie wenzako hilo. Stori ilikuwamo muda wote. Tuliiruka kwa sababu tulilipia dakika.

Nije kwenye hoja yao ya filamu, maana ndiyo inayonigusa zaidi. Kuna gemu nyingi zinazostahili tuhuma hiyo. Unatembea dakika tano, unatazama video dakika kumi, unapigana, unatazama tena. Hizo hata zikiwa nzuri kiasi gani, stori yake iko kwenye video, na mikono yako ni ya kufungulia mlango tu. Ninazozipenda mimi, na ninazozitetea kila ninapopata nafasi, ni zile ambazo ukiondoa mkono wa mchezaji stori yenyewe inakufa.

Chukua What Remains of Edith Finch, ya mwaka 2017. Haina chaguo hata moja la kubadilisha mwisho. Unaimaliza kwa saa mbili hivi. Binti anarudi kwenye nyumba ya ukoo wao na kupita chumba kwa chumba, akijifunza jinsi kila mmoja alivyokufa. Kuna kaka yake, Lewis, anayefanya kazi kiwanda cha samaki. Kijiti cha kulia cha pedi ndicho mkono wake kazini: unavuta samaki, unampitisha kwenye kisu, kichwa kinadondoka, unamtupia kwenye mkanda, anakuja mwingine. Vuta, kata, tupa. Halafu Lewis anaanza kuota akiwa palepale kazini, na kijiti cha kushoto kinamwendesha ndani ya ndoto. Mwanzo ndoto ni kidirisha kidogo pembeni mwa skrini. Inakua. Inafunika meza, inafunika kiwanda, inakuwa mji wenye muziki na watu, na mkono wako wa kulia bado unakata samaki. Unagundua ghafla kwamba dakika kadhaa hujawatazama kabisa, na hujakosea hata mmoja.

Mama yangu mdogo alikata minofu ya sangara kiwandani, hapohapo Mwanza, kwa miaka. Aliwahi kuniambia kwamba baada ya mwezi wa kwanza mikono haimhitaji tena. Yeye anakuwa yuko Ukerewe, shambani kwa mama yao, anapalilia, anaongea na watu, mpaka kengele ya chakula imrudishe. Nilimsikia nikiwa mtoto, nikaitikia tu. Nilimwelewa siku nilipokaa na pedi nikikata samaki wa Lewis. Nilimpigia simu usiku uleule. Lewis anaishia wapi sikuambii. Lakini niambie ni filamu gani ingeweza kuuchukua mkono wangu wa kulia na kuufanya uwe wa mama mdogo.

Ya pili ni Papers, Please, aliyoitengeneza Lucas Pope karibu peke yake na kuitoa mwaka 2013. Hii ina miisho 20, kwa hiyo kama kiu yako ni miisho, utashiba. Wewe ni karani wa uhamiaji mpakani, nchi ya kubuni iitwayo Arstotzka, mwaka 1982. Foleni ndefu, kibanda chembamba, mhuri wa kijani na mhuri mwekundu. Unalipwa krediti 5, pesa ya kule, kwa kila mtu unayemhudumia sawasawa. Makosa mawili ya kwanza ya siku unaonywa, ya tatu unakatwa. Jioni unaletewa hesabu ya nyumbani: kodi, chakula, kuni za joto, mke, mtoto, mama mkwe, mjomba. Haitoshi.

Siku moja anapita mwanamume, karatasi zake safi, unamgongea kijani. Anakuomba umfanyie hisani mke wake aliye nyuma yake. Mke anafika. Kibali cha kuingia hana. Anasema akirudishwa kwao watamuua. Hakuna muziki wa huzuni unaopanda, hakuna kipima muda cha uamuzi kinachowaka. Kuna mihuri miwili na mikono yako, na nyuma yake foleni ambayo kila mtu ni 5 ya kununulia dawa ya mtoto. Ukishawahi kusimama foleni Tunduma au Namanga, ukamtazama karani akigeuza karatasi yako bila kukutazama usoni, gemu hii inakukalisha upande wake wa kioo. Mimi nilimpitisha. Kisha siku iliyofuata nilimkatalia mzee mmoja kwa kosa dogo kwenye karatasi, nikiwa nimechoka, na sikugundua nilichofanya mpaka ameshaondoka. Uamuzi wa yule mama nilijivunia. Huu wa mzee ndio ulionifundisha jinsi ukatili wa ofisini unavyozaliwa: hauna chuki, una foleni. Na tangu 2022 iko kwenye simu, kwa hiyo laptopu isikuzuie.

Sasa kuhusu kurudia. Ulirudia ili uone upande wa pili, ni hamu ya kawaida kabisa. Ila kuna gemu inayoijibu hamu hiyo ana kwa ana: Undertale, ya Toby Fox, 2015. Michoro yake ni ya vidoto vikubwa kama gemu za zamani, usiidharau. Mwanzoni kabisa Toriel anakuchukua kama mtoto wake, anakushika mkono, anakuokea pai ya mdalasini. Unapotaka kuondoka anakuzuia mlangoni, mnapigana. Mimi nilikusudia kumpunguza nguvu tu ili anipishe. Pigo la mwisho likawa kubwa kuliko nilivyotegemea, akafa. Nikafanya kile ambacho kila mchezaji hufanya: nikatoka bila kuhifadhi, nikarudi, safari hii nikamvumilia mpaka akaniachia njia. Nikatembea mbele na roho nyeupe. Kiumbe mmoja akanisubiri njiani akanieleza wazi kwamba anajua nilimuua, na anajua nilirudi nyuma kwa sababu nilijuta.

Nilizima kompyuta, nikatoka nje. Hakuna gemu iliyowahi kunikumbuka namna hiyo. Nyingine zote hukubali kufuta. Hii ilisema kufuta nako ni kitendo, na kitendo kina mwenyewe.

Uliuliza kuhusu udanganyifu. Upo kweli, wala sitauficha. Mass Effect ilianza 2007, na kwa gemu tatu iliwaambia wachezaji wabebe maamuzi yao kutoka moja hadi nyingine, nani hai, taifa gani limeokoka. Machi 2012 ya tatu ikafika mwisho, na miaka yote ile ikabanwa kwenye milango michache iliyofanana mno. Malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba Juni mwaka huohuo watengenezaji wake, BioWare, walitoa nyongeza ya bure ya kuupanua mwisho. Hapo nawaunga mkono waliolalamika. Waliahidiwa hatima ya ulimwengu, na hatima ndiyo iliyokosekana. The Walking Dead nayo iliahidi kwa maneno makubwa kupita uwezo wake, lakini kile ilichokushikisha mkononi tangu dakika ya kwanza ni malezi ya mtoto mmoja, na hicho haikukunyang'anya. Yale maandishi madogo yanayotokea kukuambia kwamba Clementine atalikumbuka ulilosema hayakuwa uongo. Mlezi hapewi kujua mtoto atageuka nani. Anachojua ni kwamba anasikilizwa.

Na uwingi wa matawi peke yake haunishawishi. Detroit: Become Human, ya 2018, inakuonyesha kila baada ya sura mchoro mzima wa njia, zile ulizopita na zile zilizofungwa. Kazi yake ni kubwa na ninaiheshimu. Lakini nikiwa naicheza nilianza kuutumikia mchoro, nikawa natafuta visanduku badala ya kuwatazama watu. Mimi ningeuficha kabisa mpaka mtu amalize.

Kuna moja sina budi kukutajia kwa sababu ya lugha yetu. Tales of Kenzera: Zau ilitoka Aprili 2024. Aliyeiongoza ni Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya, na aliizaa kutokana na msiba wa baba yake mwenyewe. Kijana Zau, mganga, anafanya mapatano na Kalunga, mungu wa mauti: akimletea roho tatu kubwa, arudishiwe Baba. Unaweza kuweka sauti ziwe za Kiswahili. Nimecheza gemu zaidi ya miaka 20 nikisoma Kiingereza chini ya skrini, wahusika wote wakifiwa kwa lugha ya wenyewe. Kumsikia kijana akimtaja Baba kwa neno nililomwitia wangu kulinikuta sijajiandaa. Mapigano yake, nitasema ukweli, baada ya muda yanajirudia. Ila kuna mibuyu njiani, na ukifika unaweza kumkalisha Zau chini yake, akaongea na Kalunga kuhusu anachokibeba. Hakuna adui anayekuja. Unakaa tu, kama tunavyokaa matangani, mmoja anasema, mwingine anamsikiliza. Usiupite mbuyu hata mmoja.

Umeniuliza ipi ni ya kweli kati ya zile mbili. Mara ya kwanza Lee alikuwa amefungwa pingu, anaishiwa, mbele yake mtoto ameshika bastola, na wewe hukujua kinachofuata. Ukamwambia aondoke. Sijui ulimwonea huruma au hukutaka abebe mlio ule maisha yake yote, wewe unajua. Mara ya pili ulishajua kila kitu na ulitaka kuona video nyingine. Clementine uliyemlea ni yule aliyeondoka bila kufyatua. Yule mwingine ulimtembelea tu.

Kwa hiyo ukianza mpya, icheze mara moja, usifungue maelekezo mtandaoni, na ukikosea usirudi nyuma. Muda wa kujibu ukikuishia, ukimya wako nao uache uhesabike. Anza na Florence, iko kwenye simu, haifiki saa moja na karibu haina maneno, hata mwenzako asiyependa kusoma ataiweza. Binti anakutana na kijana. Siku ya kwanza ya maongezi unaunganisha vipande vingi ili kupata sentensi moja. Kadiri wanavyozoeana vipande vinapungua, mpaka maneno yanatoka yenyewe. Kisha kijana anahamia kwake na mabegi, rafu zimejaa, na ni wewe unayeamua vitu gani vya binti vitolewe ili vyake vipate nafasi. Mpe simu yule anayekucheka zaidi, akae na hiyo rafu. Halafu niandikie alitoa nini.